Corentium Home, RadonEye au mkebe wa mkaa: kipimo kipi cha radoni kinafaa nyumba ya Minnesota?

Ukihamia nyumba yenye besimenti Minneapolis, St. Paul au kitongoji chochote cha karibu, suala la radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini, halikwepeki. Idara ya Afya ya Minnesota inasema nyumba mbili kati ya kila tano jimboni humo zina pikokyuri 4 (kizio cha mionzi) kwa lita ya hewa au zaidi, na hicho ndicho kiwango ambacho EPA, shirika la serikali kuu ya Marekani la kulinda mazingira, linataka nyumba irekebishwe. Gesi yenyewe haina rangi, harufu wala ladha. EPA inakadiria kwamba inaua watu wapatao 21,000 kwa mwaka Marekani kwa saratani ya mapafu, na anayevuta sigara humo ndani yuko hatarini mara nyingi zaidi ya asiyevuta. Kwa aliyezoea nyumba za Mombasa au Dar es Salaam, ambako madirisha yako wazi usiku na mchana, hili ni jambo geni kabisa, na ndiyo maana wengi wanalipuuza.

Dukani utakutana na vipimo vya aina nne, na bei zimeachana sana. Maandishi ya kwenye boksi hayasisitizi ipasavyo kwamba nyumba ileile hutoa namba moja Januari na nyingine kabisa Julai. Tumevitathmini vipimo hivi kwa kigezo hicho kwanza. Kwa kifupi: anayenunua kimoja tu achukue Corentium Home, au kama pesa ni kidogo, kidonge cha alfa, kasha dogo lenye kipande cha plastiki kinachosomwa maabara, cha kuachwa mwaka mzima. RadonEye ni ya anayerekebisha nyumba au anayetaka kuona gesi inavyopanda na kushuka saa kwa saa. Mkebe wa mkaa ni mzuri kati ya Desemba na Machi. Wa Julai usikutulize.

Kwa nini namba hubadilika na majira

Uraniamu iliyomo kwenye mawe na udongo huoza polepole mpaka ikawa radiamu, na radiamu hutoa radoni-222. Nusu uhai ya gesi hii, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni siku 3.8, muda wa kutosha kuipenyeza kwenye nafasi za udongo hadi chini ya sakafu ya zege. Kutoka hapo, nyumba yenyewe ndiyo huivuta. Hewa iliyopashwa joto huwa nyepesi, hupanda, na kutokea juu kwenye matundu ya taa za darini na mianya ya madirisha ya ghorofani. Inapotoka, hewa nyingine lazima iingie chini kuziba pengo, na sehemu ya hewa hiyo hutoka kwenye udongo.

Hesabu yake si ngumu. Chukulia sakafu ya besimenti iko mita 3 chini ya usawa ule ambapo mgandamizo wa hewa ya ndani na ya nje unalingana. Ndani ni nyuzi 21, nje ni nyuzi 19 chini ya sifuri. Tofauti ya mgandamizo pale sakafuni inakuwa kama paskali 5. Huwezi kuihisi kwa ngozi, lakini inavuta usiku na mchana, wiki baada ya wiki, na ufa mwembamba kati ya sakafu na ukuta unaitosha. Julai, ndani nyuzi 23 na nje 26, mvuto huo karibu unakufa. Kuna saa hata unageuka na hewa ya besimenti ikasukumwa kwenda nje.

Ongeza ardhi iliyoganda. Kanuni za ujenzi za Minnesota hutaka misingi ishuke inchi 42 upande wa kusini wa jimbo na inchi 60 upande wa kaskazini, kwa sababu ya kina cha kuganda. Udongo wenye unyevu ukishaganda kuzunguka nyumba, gesi haipati pa kutokea uani. Udongo ulio chini ya nyumba haugandi, kwa hiyo njia nyepesi inabaki ile ya kupitia kwako. Mvua kubwa ya masika hufanya kazi hiyohiyo kwa siku kadhaa: uwanja umeloa chapachapa, chini ya sakafu pakavu. Na dhoruba inapokaribia, mgandamizo wa hewa ya nje hushuka na gesi ya udongoni hupanda. Mtu akiona namba imeruka ghafla Aprili asidhani kifaa kimeharibika.

Ndani ya siku moja pia kuna mwendo wake. Mara nyingi kiwango hufika kileleni alfajiri, nje kukiwa na baridi kali na milango imefungwa usiku kucha, halafu hushuka alasiri.

Msomaji aliye nje ya Minnesota asichukulie kwamba baridi ndiyo kilele kila mahali. Huntsville, Alabama, imejengwa juu ya mawe ya chokaa yenye mapango, na huko kuna nyumba ambazo radoni yake hupanda majira ya joto: hewa ya pangoni ni baridi kuliko ya nje, kwa hiyo ni nzito, na hutiririka kushuka ndani ya mwamba ikitafuta matundu ya chini. Pispala, mtaa wa Tampere nchini Finland, umekaa juu ya tuta refu la changarawe lililoachwa na barafu ya zamani. Nyumba za juu ya tuta hupata kilele msimu wa baridi. Za chini ya mteremko hupata chao majira ya joto. Huo ni mtaa mmoja, na tofauti inatokana na mahali nyumba ilipokaa tu. Kwa hiyo kipimo kinachobaki mwaka mzima ndicho kinachoijibu nyumba yako, si cha jirani.

Corentium Home

Kinatengenezwa na Airthings, kampuni ya Norwei. Ni kidude chepesi cha plastiki cheupe chenye kioo kidogo, kinatumia betri tatu za AAA zinazoweza kudumu hadi miaka miwili. Hakihitaji waya wala simu. Hewa huingia yenyewe kwenye chemba ndogo, na fotodayodi ya silikoni huhesabu chembe za alfa, yaani vipande vidogo vya mionzi vinavyotolewa na radoni na vizazi vyake vinapooza.

Juu ya kioo kuna wastani wa muda mrefu, chini kuna wastani wa muda mfupi unaopishana: mara wa siku moja, mara wa siku saba. Sifa yake kubwa ni ule mstari wa juu. Mtengenezaji anasema kwenye bekereli 200 kwa mita ya ujazo (sawa na pikokyuri 5.4 kwa lita) makosa yake ni karibu asilimia 10 baada ya siku 7, na karibu asilimia 5 baada ya miezi miwili. Chemba ni ndogo, hesabu za alfa kwa saa ni chache, kwa hiyo namba ya siku moja hurukaruka na haifai kukukosesha usingizi. Mpe mwezi ndipo uanze kumsikiliza.

Linaloharibu kazi ya kifaa hiki ni kukihamisha. Watu hukiweka besimenti wiki mbili, wakakipandisha chumbani, wakakipeleka kwa shemeji, kisha wakasoma wastani wa muda mrefu kana kwamba ni wa nyumba moja. Kumbukumbu inachanganya vyote. Kila unapobadilisha chumba, bonyeza kitufe cha kuanza upya kilicho kwenye tundu dogo kwa kutumia ncha ya kibanio cha karatasi, kisha subiri kama saa 24 namba mpya itokee. Toleo la awali halichori grafu, kwa hiyo bandika karatasi ukutani na uandike wastani wa siku saba kila mwisho wa mwezi. Karatasi hiyo baada ya Desemba, Machi, Juni na Septemba inakuonyesha nyumba yako inavyopumua kuliko maelezo yoyote ya muuzaji. Kama karatasi ni kero, Corentium Home 2 ina Bluetooth na programu ya simu.

RadonEye RD200

Hiki kinatoka Korea, kwa FTLab. Marekani kinauzwa na Ecosense. Ni silinda yenye ukubwa wa kopo, ndani mna chemba ya ayoni inayohesabu kila mpigo wa alfa. Kwenye pikokyuri 1 kwa lita hupata kama mapigo 30 kwa saa. Hilo ni jambo kubwa. Nyumba ikiwa na pikokyuri 4, saa moja inatoa mapigo 120, na bahati nasibu ya kuhesabu tu inaleta kosa la asilimia 9 hivi. Kwenye pikokyuri 1 kosa hilo ni asilimia 18. Kwa kifaa cha nyumbani cha bei hii, ni hodari. Kioo husasishwa kila dakika 10, na saa moja baada ya kuwasha unaweza kuanza kuamini unachokiona.

Kwa kasi hiyo unaweza kukiuliza maswali ambayo Corentium hawezi kuyajibu. Je, feni ya kuvuta moshi jikoni inaongeza radoni? Iwashe saa tatu na uone: feni inayotoa hewa nje huongeza mvuto wa nyumba, na ndivyo ilivyo kwa mashine ya kukausha nguo na meko ya kuni. Je, kifuniko cha shimo la pampu ya besimenti kinavuja? Kizibe kwa silikoni, ufunge milango, ulinganishe usiku mmoja na mwingine wenye baridi kama hiyo. Ukilinganisha usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri na usiku wa nyuzi 2, unapima hali ya hewa.

Udhaifu wake ni huu. Kinategemea adapta ya umeme ya volti 12, hakina betri, na umeme ukikatika kipimo kinasimama. Historia na grafu zinapatikana kwenye simu tu, kwa Bluetooth, kwa hiyo lazima uwe karibu nacho. Chemba ya ayoni haipendi mtikisiko: usikiweke juu ya friji, kwenye rafu inayogusana na mashine ya kufulia, wala kando ya spika. Na kasi yake ina hatari yake. Mwenye nyumba anaona 7 alfajiri, anapata hofu, anafungua madirisha, anaona 1.5 mchana, anaridhika na kusahau. Namba zote mbili ni za kweli, na hakuna hata moja inayokueleza familia imevuta nini mwaka huu.

Kwa bei, vyote viwili kwa kawaida huangukia kati ya dola 100 na 200 na kidogo. Tofauti hiyo isikuamulie. Amua kwa swali unalotaka kujibiwa.

Mkebe wa mkaa

Ni pakiti au kopo la mkaa maalumu unaonyonya radoni kwa siku 2 hadi 7, kisha unalifunga na kulituma maabara. Ni rahisi, na ofisi nyingi za afya za miji na kaunti za Minnesota hulitoa bure au kwa bei ya chini. Anza kuuliza huko kabla ya kwenda dukani. Kama kipimo cha kwanza msimu wa baridi, tunakisifu bila kusita. Matokeo mabaya ya Januari yanakufanya uchukue hatua mapema, na matokeo mazuri ya Januari katika nyumba ya Minnesota yana uzito.

Yanayokiharibu ni mambo madogo ya utekelezaji. Nyumba ifungwe saa 12 kabla ya kuanza na muda wote wa kupima: madirisha yafungwe, milango ya nje itumike kwa kupita tu, feni za darini za kupooza nyumba nzima zizimwe. Hita na kiyoyozi cha kawaida viendelee. Mkaa hunyonya na pia huachia, kwa hiyo siku ya mwisho ina sauti kubwa kuliko ya kwanza. Ukifungua dirisha usiku wa mwisho umekiharibu. Unyevu nao hugombea nafasi na radoni kwenye mkaa, na besimenti ya Julai yenye unyevu ni mahali pabaya kwake.

Halafu tarehe na saa. Andika saa kamili ya kufungua na ya kufunga, utume siku hiyohiyo. Kila siku 3.8 nusu ya radoni iliyonaswa imepotea. Maabara hurekebisha kwa kutumia saa uliyoandika, kwa hiyo ukikosea saa 12, namba inapotoka kwa karibu asilimia 9. Usikifunge Ijumaa jioni kikakaa mezani hadi Jumatatu.

Kuhusu mkaa wa Julai: namba ya 3.2 kutoka besimenti ya Minnesota katikati ya majira ya joto si cheti. Rudia Januari. Mwongozo wa EPA ni kwamba kipimo kifupi kikitoa 4 au zaidi, ufanye cha pili, kirefu au kifupi. Kikifika 8 au zaidi, cha pili kiwe kifupi na kifanyike mara moja. Kati ya 2 na 4 bado wanashauri ufikirie kurekebisha. Shirika la Afya Duniani ni kali zaidi: kiwango chake cha rejea ni bekereli 100 kwa mita ya ujazo, yaani pikokyuri 2.7. Ukitaka kugeuza, zidisha pikokyuri kwa 37. 4 inakuwa bekereli 148. Ndugu walioko Kanada na Uingereza watakuta kiwango cha kuchukua hatua ni bekereli 200.

Kidonge cha alfa

Hakina umaarufu, na hakistahili kusahauliwa. Ndani ya kasha dogo kuna kipande cha plastiki. Kila chembe ya alfa inayokigonga huacha jeraha, na maabara hukichovya kwenye soda kali majeraha yapanuke, kisha huyahesabu kwa darubini. Hukaa siku 90 hadi mwaka. Hakina betri wala namba ya kukutia wasiwasi, na pamoja na ada ya maabara kwa kawaida hakifiki dola 50. Uingereza mfumo mzima wa vipimo vya nyumbani umejengwa juu yake: vipande viwili, kimoja sebuleni na kimoja chumbani, miezi mitatu, kisha matokeo hurekebishwa kulingana na majira. Minnesota kiache mwaka, au kama huna subira, kianze Novemba. Andika tarehe ya kukitoa kwenye kalenda, kwa sababu kosa la kawaida ni kukisahau nyuma ya pazia miaka miwili.

Mahali pa kukiweka

Chochote utakachonunua, kiweke ghorofa ya chini kabisa ambayo watu wanaishi au kulala. Kama watoto wamehamishiwa besimenti, ni besimenti. Kiwe angalau sentimita 50 juu ya sakafu, sentimita 90 kutoka dirisha au mlango wa nje, sentimita 30 kutoka ukuta wa nje. Jikoni, bafuni na chumba cha kufulia hapana. Mbali na tundu la hewa ya hita, kwa sababu hewa inayopulizwa hubadilisha kipimo. Wapangaji wa ghorofa ya chini wapime pia. Kuanzia ghorofa ya tatu hatari kwa kawaida hupungua sana.

Namba ikiwa mbaya

Kurekebisha si kubomoa nyumba. Fundi hutoboa sakafu ya zege, huchimbua udongo kidogo chini yake, huteremsha bomba la plastiki la inchi 3 au 4, na feni huvuta hewa ya udongoni na kuitoa juu ya paa. Minnesota inataka wapimaji na mafundi wa radoni wawe na leseni tangu 2019, kwa hiyo omba kuiona. Feni haipaswi kukaa besimenti wala sehemu yoyote wanamoishi watu: bomba lililo juu ya feni linasukuma gesi, na likivuja linailetea nyumba gesi iliyokolea. Kwenye bomba patakuwa na mrija wa herufi U wenye maji ya rangi. Pande mbili zikilingana, feni imekufa au imezimwa. Uangalie kila mwezi. Bomba lililopitishwa nje ya nyumba hukusanya barafu mdomoni msimu wa baridi, kwa sababu hewa ya udongoni ina unyevu mwingi, na barafu hiyo yaweza kuziba njia siku ambazo mvuto wa nyumba ni mkali kuliko zote.

Pima tena si mapema kuliko saa 24 baada ya feni kuwashwa na si zaidi ya siku 30, kisha kila miaka miwili. Hapa ndipo RadonEye inapolipa bei yake: grafu huporomoka ndani ya siku moja, na isipoporomoka unajua fundi arudi kabla hujamaliza kumlipa. Lakini kazi ikifanyika Juni, kipimo cha Juni hakitoshi. Dai cha Januari pia, na uliandike hilo kwenye mkataba.

Nyumba zilizojengwa Minnesota kuanzia Juni 2009 zina bomba hilo tayari, mara nyingi bila feni. Bomba la namna hiyo linategemea joto la nyumba kuvuta, kwa hiyo hufanya kazi vizuri au vibaya kulingana na msimu na jinsi lilivyopitishwa. Kuwepo kwake hakukuondolei haja ya kupima. Likionekana halitoshi, kazi kubwa imeshafanyika: fundi huongeza feni darini na mrija wa maji, bila kutoboa zege upya, na gharama hushuka sana.